Vidonge vya Mama Abel

Ndugu zangu, nyumba ya Martina, Mama Abel, pale Ushirombo, ilikuwa nyumba ya amani. Jumuiya ya kanisa ikimaliza kusali, watu walibaki uani wakila michembe ya viazi vitamu na karanga, na aliyeumwa kichwa au tumbo hakuondoka mikono mitupu. Martina alikuwa na kopo la dawa zilizobaki. Wakamwita daktari, naye akalipenda jina hilo.

Mwezi wa tatu mumewe, Donatus, alirudi kutoka machimboni Masumbwe akitetemeka. Hospitali wakasema ni homa ya matumbo, wakampa vidonge vya siku kumi. Siku ya nne akainuka, akala ugali. Martina akaona, mtu aliyekwisha kupona dawa za nini? Vidonge vinne akampa jirani yake Limi, ambaye binti yake alikuwa na homa. Vingine akavitia koponi.

Hata wiki mbili hazijaisha, Donatus akaugua tena. Martina akampa vidonge viwili, kesho yake kimoja. Homa haikushuka. Siku zikapita, tumbo likajaa, likakaza kama ngoma. Ndipo alipompeleka hospitali.

Daktari akamuuliza, "Mama, zile dawa za kwanza alizimaliza?"

"Alizimaliza zote."

Alipogeuka, akamwona Limi kwenye benchi nyuma yake, binti yake, homa haijamwacha, amemlegea mapajani. Limi alikuwa amesikia. Alimtazama tu. Wasomaji wangu, heri angemtukana.

Martina akamrudia daktari. "Nimekudanganya. Nilizigawa. Hata mtoto huyu nilimpa mimi."

Donatus alipasuliwa siku hiyohiyo. Utumbo ulikuwa umetoboka. Damu yake ilipopimwa, ikaonekana vijidudu vya homa hiyo havisikii tena vidonge vile. Binti wa Limi akawahiwa kwa sindano, akapona. Donatus hakumaliza wiki.

Msibani Limi alikuja na kuni zake, akapika siku zote tatu. Martina alishindwa kumtazama usoni. Siku ya kuanua matanga akasimama mbele ya jumuiya, akasema yote, hata ule uongo. Limi akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa.

Mafunzo

Dawa uliyoandikiwa ni yako peke yako. Imalize hata ukijiona mzima. Ukiiacha njiani, vijidudu vinavyobaki huizoea, kisha huhamia kwa jirani. Kumgawia mgonjwa dawa bila kipimo si huruma. Na daktari akikuuliza, mwambie kweli. Aibu ya kusema hupita. Martina anaijua ile isiyopita.