Kidole Kifupi cha Anaeli

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba, na Dominika alikuwa anapanda kutoka korongoni, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Njia ile hakuipenda. Miaka yote alipita mbio, maana pale chini, ukishavuka mfongo, ule mfereji wa maji ya mashambani, ndipo kilipokuwa kibanda cha shangazi yake Anaeli. Kibanda kilishaoza zamani. Lakini jioni hiyo alisikia harufu ya kiburu, ndizi na maharage ya moto, kama chungu kimeepuliwa sasa hivi.

Pale hapana jiko.

Akakaza mwendo. Nyumbani akakuta mgeni uani, dada mwenye mkoba mweusi, ameketi kigodani karibu na mjukuu wake Kindness.

"Shikamoo bibi. Naitwa Theodora, natoka kliniki ya ngozi huko mjini. Mwalimu wake kaniomba nimwangalie hili baka la shavuni."

"Marahaba mwanangu. Hiyo fangasi tu. Dukani Kiboriloni wamenipa dawa ya kupaka."

"Unampaka tangu lini?"

"Tangu tulivyochuma kahawa."

"Miezi minne hiyo. Bibi, hata kuku mwenye kipara angeshaota manyoya."

Kindness akacheka. Dominika hakucheka. Baka lile alilijua tangu siku ya kwanza. Dawa alinunua ili majirani waone ni fangasi.

Theodora akatoa pamba, akaisokota mpaka ikawa na ncha kama uzi. "Kuna mtoto wa Kihindi kule mjini, baka lake lilikuwa jekundu, mama yake akashtuka akamleta wiki ile ile. Kwa ngozi zetu hizi linapauka tu, watu wanasema mba. Ndiyo maana mimi macho siyaamini sana. Naamini pamba. Kindness, fumba macho. Nikikugusa, weka kidole pale pale."

Akagusa mkono. Mtoto akaonyesha. Akagusa paji la uso. Akaonyesha. Akagusa baka.

Kimya.

Akagusa tena... Kimya.

Theodora akashusha mkono. Hapo ndipo Kindness, macho bado kayafumba, akapeleka kidole nyuma ya shingo.

"Hapa."

"Hapo sijagusa, mama."

"Nimeguswa. Siyo pamba. Kidole." Sauti ikashuka. "Kifupi."

Ng'ombe zizini akaacha kutafuna. Upepo haukuwepo, lakini nyuma ya mtoto jani moja la mgomba lilikuwa linacheza. Moja tu. Na ile harufu ya kiburu ikapita katikati yao, taratibu.

Theodora alikohoa kidogo. "Bibi, huu ni ukoma. Unapona. Vidonge vya miezi sita, bure kabisa. Kesho mlete."

"Haendi."

"Tukichelewa, ugonjwa unakula mishipa. Vidole vitakufa ganzi, ataungua jikoni asijue. Unataka hivyo?"

"Mtamjengea kibanda."

"Nani kakwambia?"

Dominika akakaa chini, palepale kwenye majani ya ng'ombe. Akaongea kwa kunong'ona, mtoto asisikie. Shangazi Anaeli alikuwa na baka kama lile. Wakamshusha korongoni. Dominika, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyempelekea chakula, anasukuma bakuli kwa mti mrefu, asimguse. Shangazi alikuwa ananyoosha vile vidole vyake vilivyobaki nusu, anasema, niguse tu mwanangu, mara moja.

"Hukumgusa?"

"Niliambiwa nisimguse. Halafu zikaja mvua. Korongo linatisha. Nikawa namwaga kiburu kwenye mfongo, narudi nyumbani nasema amekula. Siku tatu, mwanangu... Siku ya nne walimkuta kwenye mfongo. Alikuwa anapanda kuja kwetu."

Theodora akamrudia mtoto. Alimshika Kindness shavuni, juu ya baka, kwa kiganja chote.

"Huyu atalala kitandani kwako, atakula sahani moja na wewe. Akianza vidonge, hamwambukizi mtu. Kibanda hakuna. Unanisikia bibi?"

Asubuhi Dominika alimfunga mjukuu kitenge, wakashuka mjini.

Kabla ya hapo alipita korongoni. Kwetu ukimkosea mtu unafunga fundo kwenye jani la isale, unampelekea, naye hawezi kukunyima msamaha. Alilifunga fundo gumu, akalilaza pale kilipokuwa kibanda. Kwa mkono wake, siyo kwa mti.

Miezi sita ikaisha. Pamba ikigusa shavu la Kindness, anacheka, anasema inatekenya. Vidole vyake vyote kumi vizima, anafuma vikapu.

Siku Kindness alipomeza kidonge cha mwisho, Dominika alienda kutandika kitanda jioni. Juu ya mto kulikuwa na jani la isale. Bichi, kama limechumwa leo. Limelowa maji ya mfongo.

Fundo limefunguliwa.

Alilipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mtu mwenye vidole analegeza fundo, jani linabaki zima. Hili lilikuwa limetafunwatafunwa pale penye fundo... alama ndogo ndogo, mbili mbili.

Limefunguliwa kwa meno.

Amesamehewa? Au amerudishiwa ombi lake? Alimuuliza Theodora, naye akasema yeye anajua ngozi tu.

Mpaka leo Dominika akikaa mezani na mjukuu wake anapakua kiburu sahani tatu. Anashika mkono wa Kindness, wanaombea chakula. Mtoto anafumba macho.

Dominika anasali macho wazi.