Mtu Asiyepigiwa Kengele

Saa nane na robo mchana, basi la kijivu lilisimama mbele ya kasri la Münster, Ujerumani, na kushusha watalii kumi na tisa.

Mmoja wao alikuwa amebeba sumu.

Henrik Averbeck akawa mtalii wa ishirini. Alijiunga nao pale pale, tiketi mkononi, ramani mpya mfukoni, kamera ya Leica kifuani. Pasipoti yake ilikuwa na jina jingine; ilisema ni Mswisi, mhasibu, na kwamba hajawahi kukanyaga mji huu. Chini ya koti, ubavuni, ilikaa bastola ya Walther P99. Sikioni alivaa kifaa kama kile cha wazee wasiosikia vizuri.

"Korongo, unanipata?" Ilikuwa sauti ya Roswitha Thiemann, mkuu wake, kutoka Köln, akimwita kwa jina lake la kazi.

"Nakupata."

"Rusnak anaanza kuhutubia saa kumi, ukumbi wa kando ya ziwa. Anatoka saa kumi na moja. Vijana wetu wawili wako ndani. Sumu imo kwenye kundi lako. Hatujui anayo nani, wala ataitumiaje."

"Ahirisha hotuba."

"Tukiahirisha muuaji atayeyuka, halafu atarudi siku tusiyoijua. Mtafute leo."

Daniela Rusnak alikuwa mkemia. Miaka miwili nyuma alikimbia kwao, ambako kiwanda alichofanyia kazi kilitengeneza gesi ya kuua watu. Keshokutwa angesimama mbele ya majaji kueleza aliyoyaona kwa macho yake. Waliotaka anyamaze hawakuwa na nafasi nyingine.

Kiongozi wa watalii aliitwa Gudula Wenning, mama wa miaka sitini na kitu. Alisukuma baiskeli nzito nyeusi popote alipokwenda, kama mtu anayetembea na ng'ombe wake.

"Wageni wangu, sikilizeni vizuri," alisema. "Njia nyekundu ni ya baiskeli. Si zulia mmetandikiwa nyinyi."

Walicheka. Dakika tano baadaye walikuwa wamesahau.

Kengele za baiskeli zikaanza, na maneno ya waendeshaji.

"We mzee, hapa sebuleni kwako?"

"Mama, picha utapiga ukiwa mzima! Sogea!"

"Huyo naye kasimama kama mnara wa kanisa."

Bi Wenning hakugeuka hata. "Ndiyo karibu yetu hiyo," alisema. "Asiyepigiwa kengele bado hajafika Münster."

Averbeck alifanya kazi kwa utaratibu. Alitazama mikoba, viatu, mikono. Alitazama nani anagusa mfuko wake mara kwa mara. Mama mmoja wa Lisbon alikuwa na dawa za presha. Ndugu wawili wa Krakow walikuwa na chupa ya pombe kali. Hakuna kilichomshtua.

Waliingia kichochoro kimoja nyuma ya soko. Bi Wenning alisimama mbele ya duka la simu.

"Hapa palikuwa kwa mwokaji mikate mmoja, mzee Averbeck. Pumpernikeli yake, ule mkate mweusi, jamani, watu walikuwa wanaifuata kutoka Osnabrück. Alifariki mwaka juzi, kwenye baridi. Ana kijana mmoja tu, yuko Norway huko kwenye mafuta. Hakuja hata kuzika."

"Watoto wa siku hizi," alisema mama wa Lisbon.

"Ni kweli," alisema Averbeck.

Akainua Leica na kupiga picha ya duka la simu, kama wenzake.

Kule Norway Averbeck hakuwahi kufika. Siku ya mazishi ya baba yake alikuwa katika chumba cha hoteli Tallinn, akisubiri simu ambayo haikupigwa.

"Korongo, mapigo ya moyo wako yamepanda," alisema Thiemann sikioni. Saa ya mkononi ya Averbeck ilipeleka kila kitu Köln.

"Ni kilima."

"Münster haina vilima."



Walitokea soko kuu, chini ya matao ya mawe. Baiskeli zilipita kama maji ya mfereji. Kengele zililia, watalii waliruka huku na huku. Hapo ndipo Averbeck alipoacha kutazama mikoba na kuanza kutazama miguu.

Kila mmoja alikuwa amekwisha kupigiwa kengele. Wengine mara nyingi.

Isipokuwa mwanaume mmoja mwenye kofia ya kitani.

Livio Marsich, mfanyabiashara wa kahawa wa Trieste. Ndani ya saa moja alikuwa amewaambia watu watatu kwamba hii ndiyo mara yake ya kwanza Ujerumani. Lakini kila alipofika penye njia nyekundu, kichwa chake kiligeuka kidogo juu ya bega la kushoto kabla mguu haujatua. Hakufikiri. Mwili ulifikiri kwa niaba yake. Kitu hicho mtu hufundishwa na mama yake kabla hajaanza shule, tena katika miji michache sana.

"Nimempata," alisema Averbeck. "Kofia ya kitani."

"Ushahidi?"

"Hakuna aliyempigia kengele."

"Fafanua."

"Amekulia hapa. Anadanganya."

Kisha Averbeck akatazama viatu vyake mwenyewe. Vilikuwa juu ya jiwe la kijivu, kiganja kimoja tu kutoka kwenye wekundu. Mchana kutwa, hata yeye hakuna aliyempigia kengele.

Aliinua macho.

Marsich alikuwa akivitazama viatu hivyo hivyo.

"Naye amenijua," alisema Averbeck.

Marsich alitembea. Hakukimbia. Aliingia kati ya mamia ya baiskeli zilizoegeshwa chini ya matao, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli moja bila kutafuta. Mgeni wa saa mbili hana ufunguo wa baiskeli. Kuna mtu alikuwa amemwachia.

Soko lilijaa watoto. Walther ilibaki ubavuni.

"Bi Wenning, niazime baiskeli yako."

"Hii? Ni ya marehemu mume wangu, baba."

"Itarudi."

"Breki ya mkono imekufa. Ukitaka kusimama, piga pedali kinyumenyume. Na nyie Waswisi mlivyozoea..."

Alikuwa amekwisha kuondoka.

Marsich alikata kusini, akapita kanisa, akaingia barabara ya Aegidii. Averbeck alimwona mgongo tu. Baiskeli ya marehemu ilikuwa nzito lakini ilikwenda.

"Anaelekea ziwani," alisema. "Leteni gari."

"Gari liko stesheni. Dakika sita."

Penye makutano taa ilikuwa nyekundu.

Hakukuwa na gari upande wowote. Hata hivyo waendesha baiskeli wapatao arobaini walikuwa wamesimama, mguu mmoja chini, wameziba njia yote. Mbele kabisa walikuwa watoto wa chekechea wamevaa fulana za manjano. Marsich alikwama katikati ya kundi. Averbeck alikwama nyuma yake, baiskeli nane kati yao.

Marsich alijaribu kupenya.

"Wewe, unakwenda wapi?" aliuliza mwanaume mmoja mnene. "Huwaoni watoto? Unawafundisha nini?"

"Nina haraka."

"Sisi sote hapa tumekuja kulala, siyo?"

Kundi lilicheka. Hakuna aliyesogea. Muuaji na mpelelezi wakasubiri taa.

Ikawa kijani.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na maegesho ya baiskeli, safu baada ya safu, na hapakuwa na mtu. Watu wote walikuwa ndani wanamsikiliza Rusnak. Averbeck alipofika, Marsich alikuwa ameinama mbele ya baiskeli ya kijani yenye kikapu. Alivaa glavu nyembamba. Mkononi alishika tyubu ya losheni ya jua, kifuniko wazi.

Averbeck akaelewa. Baiskeli ilikuwa ya Rusnak; angetoka, angeshika usukani kwa mikono mitupu, angeendesha hadi nyumbani. Asingefika.

Walther ilitoka.

"Mikono mbali na usukani."

Marsich hakunyanyua kichwa. "Wa wapi wewe? Mjini kati?"

"Weka chini."

"Mimi wa Hiltrup, kule pembezoni. Tulihama nikiwa na miaka kumi na mmoja. Unajua, nimepita pale kwetu asubuhi, kabla sijapanda basi. Hakuna aliyenitambua."

"Chini."

Marsich alikamua.

Averbeck hakufyatua. Alipiga teke baiskeli ya mwisho ya safu. Ikaangukia ya pili, ya pili ikaangukia ya tatu, chuma kikalia mpaka safu nzima ikamlalia Marsich miguuni na kumbana. Tone la losheni lilidondoka kwenye lami. Averbeck alikanyaga kifundo cha mkono ulioshika tyubu. Kilivunjika. Aliifunika tyubu kwa kikombe cha chuma alichotoa mfukoni, chenye mpira wa kuzuia hewa.

Gari la kutoka stesheni likafika, jeupe, limeandikwa jina la kampuni ya kufulia nguo. Wanaume watatu walivaa vinyago, wakamwaga poda juu ya lile tone, wakakwangua lami. Wakamchukua Marsich. Wakapakia na baiskeli ya marehemu, irudi kwa Bi Wenning.

Averbeck akabaki peke yake. Alipitisha kalamu ya kupimia sumu kwenye vishikio vya baiskeli ya kijani, kushoto, kisha kulia. Taa ya kijani. Taa ya kijani. Akapima tena.

Kisha akazisimamisha baiskeli zote, moja baada ya nyingine.

Saa kumi na moja watu walitoka. Rusnak alikuja wa mwisho, mwanamke mfupi mwenye sweta ya bluu. Alishika usukani kwa mikono yake miwili. Averbeck aliitazama mikono hiyo.

Hakuna kilichotokea.

Rusnak aliona ramani mkononi mwake. "Kaka, umepotea?"

"Natafuta stesheni."

"Basi usihangaike na hiyo ramani. Pita hapa mpaka kanisa kuu, zunguka sokoni, halafu ulizia tena. Hata mimi nilipokuja nilikuwa napotea kila siku. Sasa nimekuwa mwenyeji." Alitabasamu. "Ni mji mzuri. Ungekaa siku mbili tatu."

"Safari nyingine, dada."

Rusnak akapanda na kuondoka.

"Korongo, hali?" aliuliza Thiemann.

"Yuko salama. Anaelekea kwake."

"Kazi nzuri. Ondoka sasa."

Njia aliyoelekezwa ilikuwa ndefu mara mbili ya ile aliyoijua. Aliifuata yote, kanisa kuu, kisha soko.

Saa kumi na mbili na dakika saba treni ya kwenda Hamm iliondoka, naye akiwa ndani.