Sisimizi na Kibanda cha Kuvizia

Kila jioni akitoka shule, Sisimizi alivua sare, akawapa mbuzi maji, kisha akaketi barazani kufanya hesabu. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu utotoni alipenda kubeba vitu vilivyomzidi kimo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani walikuwa wanne tu: bibi, shangazi, yeye na binamu yake aliyeitwa Kicheko, msichana asiyeweza kumaliza sentensi bila kucheka.

Bibi alilima karanga. Shangazi alikuwa mwindaji. Alikuwa na bunduki, na kibali cha afisa wa wanyamapori cha kuwapunguza nguruwe pori waliofukua mashamba. Kila karanga zilipokaribia kukomaa, alijenga kibanda cha kuvizia ukingoni mwa shamba, chenye nguzo, paa, na kuta za kumficha mtu anayejua kukaa kimya. Mwaka uliopita alikizungushia nyasi. Zilikauka, mchwa wakazila, na nguruwe wakamwona yeye kabla hajawaona wao.

"Safari hii nataka kitu kitakachodumu hadi tuvune," shangazi alisema, akiufungua mzigo mbele ya Sisimizi. Ndani mlikuwa na karatasi ya nailoni ya kijani, magunia ya katani, na turubai kuukuu la lori. "Kazi hii nakupa wewe, mwanangu. Kata kipande cha kila kimoja, utundike uani. Vipigwe na jua, vinyeshewe. Kila siku uvivute, uvikunje, usikilize vinavyolia. Mwezi ukiandama, uniambie tuchukue kipi."

"Si uchague mwenyewe, shangazi? Mwindaji ni wewe."

"Mimi nashinda porini nikifuata nyayo. Nikipima mimi, nitapima nusu nusu."

Sisimizi aliitikia vizuri. Akavipeleka vitu vyote stoo, akaviweka nyuma ya majembe, akijiambia kesho ataanza. Kesho ikazaa kesho. Mashindano ya mpira wa pete yalikuwa yamepamba moto shuleni, na akirudi alikuwa hoi. Mwezi ulipoandama, vipande havikuwa hata vimekatwa.

"Haya, niambie," shangazi aliuliza wakati wa kula.

"Nailoni," Sisimizi alijibu upesi. Alikuwa ameibeba mara moja tu, kwenda stoo, akaiona nyepesi. Turubai lilikuwa limemwumiza bega.

"Jua limeifanyaje?"

"Haijabadilika."

"Na mvua?"

"Maji yanateleza tu."

Shangazi hakuuliza zaidi. Kesho yake kibanda kikavikwa nailoni. Kicheko, aliyekuwa hodari wa mafundo, ndiye aliyefunga kamba.

"Kinang'aa hiki!" alisema, akicheka. "Nguruwe watadhani wamejengewa hoteli."

"Wewe funga tu," Sisimizi alimkata kauli.

Jua lilipiga mfululizo. Kijani cha nailoni kikapauka, na sehemu zilizokunjwa zikaanza kukakamaa. Sisimizi alipita pale kila alipokwenda kuwafunga mbuzi. Aliyaona hayo, akageuza uso.

Jioni moja nguruwe walikuja. Shangazi alikuwa ndani ya kibanda, ametulia, na bibi alikuwa upande wa pili wa shamba akikusanya kuni za mwisho. Kundi lilitoka vichakani polepole, mkubwa mbele. Shangazi alipoinua bunduki, upepo ukavuma. Nailoni ikapasuka kutoka paani hadi chini, kipande kikapiga nguzo kwa kishindo. Nguruwe walitimka ovyo, wengine wakielekea kwa bibi. Hawakumgusa, lakini alirukia kando akaanguka na kutegua kifundo cha mkono. Shangazi hakufyatua risasi. Alijua mama yake yuko mbele, hakujua ni wapi hasa.

Bibi alirudi kutoka zahanati mkono umefungwa bendeji. Kabla ya mapambazuko nguruwe walirudi, wakafukua matuta ya mbegu aliyoyachagua kwa mwaka unaofuata.

Asubuhi shangazi alisimama mbele ya kibanda kilichochanika. "Kicheko, kamba hizi ulizikazaje? Nahisi uliikaza nailoni mno, ndiyo maana imepasuka."

Kwa mara ya kwanza Kicheko hakucheka. "Nilifunga kama ulivyonifundisha, mama."

"Basi imekuwaje? Kitu kimetundikwa mwezi mzima juani bila kubadilika, kije kipasuke kwa upepo wa jioni moja?"

Kicheko aliinamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga. Sisimizi alimtazama.

"Shangazi, mafundo hayana kosa," alisema. "Sikutundika kitu. Vyote vilikaa stoo. Nilisema nailoni kwa sababu ni nyepesi."

Shangazi aliikunja ile nailoni. Ikavunjika mikononi mwake kama jani kavu.

"Kamwombe radhi binamu yako, halafu bibi yako," alisema hatimaye. "Kisha uende stoo."

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Mkono utapona," alisema. "Wewe kafanye kazi uliyopewa."

Safari hii Sisimizi hakusubiri kesho. Alikata vipande, akavitundika. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, alivilowesha asubuhi na kuvianika mchana, tena na tena. Alivisugua kwenye nguzo yenye gome kali. Alivivuta akisaidiwa na Kicheko, kila mmoja upande wake, mpaka wakaanguka chali na kicheko kikarudi.

Kuhusu sauti, walipata mwamuzi. Walimwendea mbuzi aliyekuwa akila, wakatikisa nailoni nyuma yake. Akaruka. Wakatikisa turubai, akainua masikio. Wakatikisa gunia, akaendelea kutafuna.

"Huyu ndiye mwalimu mkuu!" alisema Kicheko.

Jioni Sisimizi alimweleza shangazi. Turubai halikupitisha maji wala kuchanika, ila lilikuwa na kelele kidogo, kwa hiyo liwe paa, likazwe lisipepee, na liinamishwe maji yasituame. Magunia yalikuwa kimya na hayakung'aa, ila tabaka moja lilipenyeza mwanga na kivuli cha mtu kikaonekana, kwa hiyo kuta zishonwe tabaka mbili.

"Na harufu?" shangazi aliuliza.

Sisimizi alisita. "Hiyo sikuipima. Sijui."

"Vizuri. Magunia tutayaosha kwa maji matupu, bila sabuni, kisha tuyapake udongo."

Sisimizi alibeba turubai mwenyewe hadi shambani, akipumzika njiani. Alishona magunia kwa shazia, ile sindano nene, mpaka vidole vikamwuma. Kicheko alifunga kamba.

Nguruwe waliporudi, wote wa nyumbani walikuwa wameambiwa wakae ndani. Upepo ulivuma, kibanda kikatulia. Ulisikika mlio mmoja wa bunduki. Yule mkubwa aliyeliongoza kundi alianguka, waliobaki wakakimbilia msituni, na msimu ule hawakuonekana tena. Afisa wa wanyamapori alikuja kumkagua, akakizunguka kibanda akikigusagusa, akauliza kimeshonwa na nani.

Mvua zilinyesha, jua likawaka, na karanga zikavunwa kibanda kikiwa kizima. Siku ya kung'oa, bibi alitumia mikono yote miwili. Walipokaa kivulini kuchambua, shangazi alimgeukia Sisimizi.

"Unajua kwa nini niliyaamini majibu yako ya mwanzo?"

"Kwa sababu mimi ni mtoto wako."

"Na kwa sababu kumwamini uliyemtuma ndio uungwana. Nikimtuma mtu akaniangalizie kitu, nimeazima macho yake. Akinidanganya, amenifunga kitambaa usoni, nami nimeshika bunduki. Uvivu wako ungetuchelewesha tu. Uongo ndio uliomwangusha bibi yako. Uliposema 'sijui', mwanangu, ndipo nilipojua nitaingia kibandani bila wasiwasi."