Kamera Isiyo na Sauti

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia studio ya picha ya mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Alitundika mkoba nyuma ya pazia la bluu la picha za pasipoti, akafagia vipande vya karatasi vilivyodondoka chini ya mkasi wa mjomba wake aliyesaidia kazi pale, kisha akanyoosha mkono. Mjomba hakungoja kuombwa. Alimpa simu yake.

"Haya, soma. Leo wanasema nini?"

Wanasema. Hilo ndilo lilikuwa neno la kila siku katika chumba kile. Kulikuwa na kamera mpya ya wapigapicha wa kazi iliyokuwa inakuja, kamera isiyo na kioo ndani, na mtandaoni watu ambao hawakuwahi kuigusa walikuwa wakiieleza kana kwamba wameiunda wao. Wanasema inalitafuta jicho la mtu yenyewe, hata mtu akikimbia. Wanasema betri yake inamaliza harusi nzima. Wanasema haitoi sauti yoyote. Chiriku aliyaandika yote katika daftari lake kwa wino mwekundu.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini mama alimwita Chiriku tangu alipoanza kusema, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Kamera ya mama ilikuwa ya zamani. Ndani yake kulikuwa na kioo kidogo kilichoruka juu kila kitufe kilipobonyezwa, na kiliporuka kiligonga: klak! Mama aliipenda hivyo hivyo. "Ikigonga najua imefanya kazi," alisema. Hata hivyo alikubali kwamba hiyo mpya ikitoka, ataitazama.

Balaa lilianza Jumatatu, katika kipindi cha muziki. Mwalimu wa Muziki alikuwa anastaafu mwisho wa muhula, na Jumamosi kwaya ingeimba ukumbini mara ya mwisho chini ya mkono wake. Nyimbo zote zingerekodiwa.

"Ila mpigapicha sitaki," alisema. "Mwaka jana alikuja mmoja. Katikati ya wimbo wa taratibu, kamera yake ikagonga kama mtu anayevunja njugu. Mpaka leo nikisikiliza rekodi ile nasikia njugu."

Darasa likacheka. Msichana mmoja wa kwaya akauliza, "Kwa hiyo hutakuwa na picha yetu, Mwalimu?"

Mwalimu alizipanga karatasi zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Miaka yote hii sina hata picha moja ya kwaya yangu ikiimba. Basi, si kitu." Lakini uso wake ulionyesha kwamba ni kitu, tena kikubwa.

"Mwalimu, mama yangu ana kamera isiyo na sauti!" alisema Chiriku.

Mwalimu akainua kichwa. "Anayo?"

Hapo angeweza kujirekebisha. Angesema kwamba bado inakuja, na kwamba hata hilo amelisoma tu kwenye simu. Lakini darasa zima lilikuwa limemgeukia, na kutazamwa vile kulikuwa kutamu.

"Anayo, Mwalimu. Hata ukiiweka sikioni husikii kitu."

"Mwambie aje Jumamosi," alisema Mwalimu, na uso ukamchanua.

Mama alipopewa habari, alipiga makofi. Mwalimu yule alimfundisha yeye pia, akiwa na umri wa Chiriku. Jioni ile ile alianza kupiga pasi gauni lake jeusi la kazi. Habari ya kamera isiyo na sauti Chiriku hakuigusa, kwa sababu alikuwa na mpango. Mtandaoni walisema kamera itatangazwa Jumatano. Jumatano inatangazwa, Alhamisi inafika dukani, Ijumaa mama anaichukua. Aliurudia mpango huo kichwani mpaka akauamini.

Jumatano alifika studio akihema. Mjomba alitikisa kichwa.

"Hamna kitu, mpwa wangu. Sasa wanasema mwakani."

"Lakini walisema leo!"

"Waliosema leo ndio hao hao wanaosema mwakani. Wenye kiwanda wenyewe hawajafungua mdomo."

"Na wangeitangaza leo, ingefika dukani kesho?"

Mjomba alicheka. "Kesho? Hukaa miezi. Kwani unaoa?"

Chiriku hakucheka. Tangu saa ile chakula kilimshinda, na mama alipomuuliza kulikoni, alisingizia kichwa. Mama akamgusa paji la uso asione homa yoyote. Alhamisi asubuhi Mwalimu alimwita kwa furaha ukumbini akamwonyesha kiti kimoja mbele kabisa, karibu na maikrofoni.

"Hapo atakaa mama yako. Nimehamisha safu nzima kwa ajili yake."

Chiriku aliitikia, "Asante, Mwalimu."

Mchana ule, mjomba alipokwenda kupeleka picha kwa mteja na mama akiwa nje anazungumza na fundi viatu wa jirani, Chiriku aliichukua kamera rafuni. Aliiviringisha katika sweta lake, akabonyeza. Klak! Akaongeza taulo. Klak! Akaongeza pindo la pazia la bluu. Klak!

"Unaikosesha pumzi kamera yangu kwa kosa gani?" aliuliza mama, amesimama mlangoni.

Chiriku alifungua mdomo aseme uongo mwingine. Badala yake akaangua kilio, na mambo yote yakatoka: Jumatatu, darasa, kamera ambayo haipo, kiti cha mbele.

Mama hakufoka. Chiriku alitamani afoke. Mama aliketi kwenye kigoda cha wateja, akaifungua kamera nguo moja moja.

"Kwa hiyo nimekuwa mwongo mbele ya mwalimu wangu," alisema hatimaye, "na mdomo sikuufungua." Kisha akasimama. "Futa machozi. Wako mazoezini bado. Twende."

Walimkuta Mwalimu jukwaani, kwaya imepumzika.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mama.

"Marahaba, mwanangu! Umekuja na kamera yako?"

"Huyu ana neno la kukwambia, Mwalimu."

Chiriku alitazama vidole vya miguu yake. "Mwalimu, hatuna kamera hiyo. Niliisoma kwenye simu ya mjomba. Haijatoka hata. Naomba unisamehe."

Mwalimu alishuka jukwaani, akakinyanyua kile kiti cha mbele, akakipeleka mwenyewe mpaka safu ya nyuma. Sauti ya miguu ya kiti ikigusa sakafu ilimuumiza Chiriku kuliko kiboko.

"Mwalimu," alisema mama, "naomba tukae tusikilize tu. Kamera nimeiacha."

Mwalimu aliwaruhusu. Kwaya ikaimba, na ngoma kubwa ikaitika. Chiriku aliona kidole cha mama kikibonyeza goti, kila ngoma ilipolia.

Mazoezi yalipokwisha, mama alisema, "Kamera yangu inagonga, Mwalimu. Ngoma nayo inagonga. Zikigonga pamoja, nani ataisikia kamera?"

"Na wimbo wa taratibu? Ule hauna ngoma."

"Ule nitaweka kamera chini. Picha yake sitakuwa nayo."

Mwalimu aliigeukia ngoma kubwa. "Tutajaribu kesho. Nikisikia njugu moja, basi tena."

Ijumaa walijaribu, kisha wakazunguka kinasa sauti kusikiliza. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili ulianza vizuri, halafu klak! Mwalimu akainua kidole.

"Nilichelewa," alikiri mama. "Jicho liko kwenye picha. Siwezi kutazama na kuhesabu kwa pamoja."

Badala ya kusema basi tena, Mwalimu alimgeukia Chiriku. "Wewe husimama dirishani ukizisikiliza nyimbo hizi muhula mzima. Unajua ngoma inapoingia?"

"Najua, Mwalimu."

"Unajua kweli, au ni kama ile kamera?"

Chiriku alifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo si desturi yake. "Wa kwanza na wa pili najua. Wa mwisho hunichanganya."

"Haya. Nenda kaufanyie mazoezi huo wa mwisho."

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Mama alipiga goti kando ya jukwaa, na Chiriku nyuma yake, kiganja mgongoni kwa mama. Kila ngoma ilipokaribia alimgusa kidogo, na klak ikamezwa na mdundo. Wimbo wa taratibu ulipoanza, mama alishusha kamera, na Chiriku akaogopa hata kupumua. Mwalimu alikuwa amefumba macho, mikono hewani, na hiyo ingekuwa picha nzuri kuliko zote. Waliiacha ipite.

Katika wimbo wa mwisho, Chiriku alipoteza hesabu. Ngoma inakuja sasa, au bado? Alitaka kubahatisha. Akaondoa mkono. Ngoma ikalia bila picha, tena na tena, mpaka alipoipata hesabu mwishoni. Akagusa. Mwalimu akawageukia watu huku anacheka, ngoma ya mwisho ikalia, na papo hapo mama akabonyeza.

Jumatatu Mwalimu alikuja studio mwenyewe. Alikuwa amesikiliza rekodi mara nne, hakusikia njugu hata moja. Aliishika picha ile ya ngoma ya mwisho kwa mikono miwili, akaitazama mpaka macho yakalowa. Kisha akamwita Chiriku.

"Katika wimbo wa mwisho nilikuona umeondoa mkono mgongoni kwa mama yako. Kwa nini?"

"Sikuwa na hakika, Mwalimu. Ningebahatisha, ningekuharibia."

"Sasa nisikilize, mwanangu. Jambo ulilolihakikisha, liseme. Ulilolisikia tu, sema umelisikia. Usilolijua, ondoa mkono kama ulivyofanya juzi, wala si aibu. Watu wanakuamini, na wanapanga viti vyao kwa maneno yako."

"Nimesikia, Mwalimu."

Mwalimu alipoondoka, Chiriku alifagia vipande vya karatasi, akatundika ufagio. Mjomba akamnyooshea simu.

"Haya, leo wanasema nini?"

Chiriku alisoma, akafikiri kidogo.

"Wanasema inatoka mwakani," alisema. "Mimi sijaiona."

Mbele ya pazia la bluu, mteja alinyoosha shingo, na kamera ya mama ikagonga: klak!