Neno Alilolikisia Nanihii

Kila jioni baada ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi zake katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Chumba hicho ndicho mama yake, fundi cherehani, alichoshonea nguo za watu. Binti alifagia vipande vya vitambaa, akapitisha sumaku sakafuni kunasa pini zilizodondoka, kisha akaketi kando ya cherehani ili ampe mama chochote alichohitaji.

"Mama, nikupe ile nanihii?"

"Nanihii ipi?"

"Hiyo ya kunanihii kitambaa."

Mama alisimamisha mguu juu ya pedali. "Ya kupimia, ya kukatia, au ya kuchoria? Mwanangu, humu ndani kila kitu kina jina. Futi, mkasi, chaki. Siku nikikutuma dukani utarudi na nanihii gani?"

Mteja aliyekuwa akipimwa gauni alicheka mpaka pini zikamchoma kiunoni.

Nyumbani ilikuwa mzaha tu. Shuleni mzaha uligeuka jina. Wenzake walimwita Nanihii, na jina likamganda. Si kwamba alikuwa mzito wa kuelewa. Kwenye hisabati alikuwa moto wa kuotea mbali. Tatizo lake lilikuwa moja: alijua anachotaka kusema, lakini neno lenyewe lilimpiga chenga. Insha zake zilijaa "kitu kile" na "mambo yale," na pembeni wino mwekundu wa mwalimu uliuliza, "Kitu gani? Mambo yapi?" Wakimwita Nanihii alicheka pamoja nao, lakini kicheko kile kiliishia kooni. Alitamani siku moja asimame mbele za watu, aseme jambo lake tangu mwanzo hadi mwisho, na jina lile life.

Mwalimu wake wa Kiswahili aliliona hilo. Siku moja alifungua kabati la vitabu, akatoa kitabu kinene chenye jalada lililochakaa. Kiliitwa *Taji la Ukungu*.

"Chukua hiki ukasome."

"Mwalimu, hiki kipo kwenye mtihani?"

"Hakipo. Ndiyo maana nakupa."

Nanihii alianza kukisoma kwa shingo upande. Kabla hajamaliza sura ya kwanza, shingo ilikuwa imenyooka. Kilisimulia habari za binti wa mfua vyuma aliyeishi katika mji uliojengwa juu ya mgongo wa mnyama mkubwa aliyelala. Mle ndani samaki waliimba, milango ilidai kubembelezwa ndipo ifunguke, na ukungu uliiba majina ya watu. Nanihii aliusikitikia sana mji ule. Yeye alijua vizuri adha ya kukosa jina la kitu.

Maneno mageni yalikuwa mengi kama pini sakafuni. Hakutaka kusimama, kwa hiyo alijitungia njia yake: alilitazama neno, akatazama linalotendeka, kisha akakisia. Yule mnyama alipofumbua jicho moja, binti wa mfua vyuma "aliduwaa," asiweze kusema wala kupiga hatua. Ahaa! Malkia "alighadhibika," akavunja kioo kwa ngumi. Hilo nalo halikuhitaji msaada wa mtu.

Maneno hayo hayakukaa kitabuni. Yalianza kutoka naye.

"Mama," alisema jioni moja, "mteja wako ameduwaa mlangoni, hajui pa kupita. Mabunda ya vitambaa yameziba njia."

Mama alimgeukia taratibu. "Umesema ameduwaa?"

"Ndiyo. Halafu Mama, usighadhibike..."

"Nisighadhibike kwa nini?"

"Pasi imeunguza ukosi wa shati."

Mama alighadhibika, tena sana. Hata hivyo usiku, alipokuwa akishona ukosi mpya, alisikika akicheka peke yake.

Darasani mambo yalibadilika. Wakati wa mapumziko, jirani yake wa dawati, msichana mdogo wa umbo waliyemwita Kiberiti kwa jinsi alivyowaka haraka, alimkalisha na kumwambia, "Haya, tulipoishia jana. Ukungu umeingia ngomeni, enhe?" Nanihii alisimulia, na wengine wakasogea. Hakusema kitu kile wala mambo yale. Alisema ngome, mnara, mkuki, shimo la kiza. Insha yake ilirudi bila swali hata moja pembeni.

Wakati huo Mwalimu Mkuu hakuwapo shuleni. Alikuwa amelazwa na kufanyiwa upasuaji, na kwa wiki nyingi walimu walinong'ona kwa nyuso za wasiwasi. Hatimaye habari njema ilifika: amepona, na Ijumaa atarudi. Shule nzima ingempokea ukumbini pamoja na wazazi. Mwanafunzi mmoja angetoa hotuba fupi ya kumkaribisha, na Mwalimu wa Kiswahili akamchagua Nanihii.

"Nanihii atoe hotuba?" mvulana mmoja alipaza sauti. "Si atasema, karibu nanihii kwenye nanihii?"

Darasa liliangua kicheko. Nanihii aliinama, lakini moyoni aliapa. Ijumaa ndiyo ingekuwa siku ya kulizika jina hilo.

Aliiandika hotuba, mwalimu akaipitia na kuisifu. Lakini usiku wa kuamkia Ijumaa, alipoisoma tena, aliona inakosa chumvi. Alitaka neno zito, la kumpa mtu heshima yake yote. Akalikumbuka moja. Katika *Taji la Ukungu* alikuwamo mfalme mzee aliyetembea ngomeni akimshauri binti yake, na kila aliyemtaja alisema kwa unyenyekevu: hayati Mfalme. Hayati Mfalme amesema. Hayati Mfalme amepita. Tena hata redioni Nanihii aliwahi kulisikia neno hilo likitangulia majina ya viongozi wakubwa. Basi, hapakuwa na shaka. Alichukua kalamu, akalichomeka.

Asubuhi Kiberiti aliisoma ile karatasi, akakunja uso. "Hayati ndiyo nini?"

"Mtukufu. Mheshimiwa kupita kiasi."

"Una hakika? Mbona mimi nikilisikia napata ubaridi fulani?"

"Huo ubaridi ndiyo heshima yenyewe."

"Tumwulize Mwalimu. Au tuangalie kamusi, ipo kabatini."

Nanihii aliivuta karatasi yake. Kuuliza maana ya neno siku ya hotuba? Watasema yuleyule Nanihii. "Nina hakika," alisema. Hakuwa na hakika. Alikuwa na hamu tu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama yake alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, maana alisahau kuivua. Mwalimu Mkuu aliketi mbele, amekonda, shati limempwaya, mkongojo kati ya magoti. Nanihii alipanda jukwaani. Sauti ilitoka safi.

"Walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu. Leo shule yetu imejaa furaha isiyo kifani. Tumerudishiwa kiongozi wetu, mlezi wetu, aliyetufundisha kusimama wima. Naomba tumpokee kwa shangwe, hayati Mwalimu Mkuu!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mzazi mmoja alisema "Mama yangu!" akaziba mdomo. Mwalimu Mkuu alijipapasa kifua, akatazama mikono yake huku na huku.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Mbona daktari hakuniambia?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Nanihii hakuelewa. Alimtazama mwalimu wake wa Kiswahili, naye akamsogelea na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, hayati ni mtu mashuhuri aliyekwisha fariki."

Karatasi ilimdondoka. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya watu, na nyuma yake akasikia sauti ya yule mvulana: "Pisheni njia, hayati Nanihii anapita!" Alikimbia hadi darasani. Alikitoa kitabu begini, akakiweka juu ya meza ya mwalimu, akalaza kichwa juu ya dawati. Aliona heri nanihii. Nanihii halijawahi kumwua mtu.

Baada ya muda alisikia mkongojo ukigonga sakafu ya varanda, taratibu, ukija. Mwalimu Mkuu aliingia, akajibana kwenye dawati la mbele lililokuwa dogo mno kwake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nanihii bila kuinua uso.

"Marahaba. Unaona? Nimeitikia. Wenzangu huwa hawaitikii."

Nanihii alijikuta akicheka katikati ya machozi. "Nisamehe, Mwalimu. Sikukusudia kukuua."

"Najua. Ila nataka kujua neno lile ulilitoa wapi, maana watoto wengi hawana neno kama hilo la kukosea."

Alimwonyesha kitabu. Alimsimulia habari za yule mfalme, jinsi kila mtu alivyomtaja kwa heshima. Mwalimu Mkuu alisikiliza, akafunua kurasa, akasoma kidogo.

"Mfalme huyu hali chakula," alisema. "Anatembea bila kishindo, tena hapa naona amepita ukutani. Hukushtuka?"

"Nilidhani ndivyo wafalme walivyo, Mwalimu. Mle ndani hata samaki wanaimba."

Mwalimu Mkuu alicheka hadi akashika mshono wake wa tumbo. "Usinichekeshe, nitafumuka! Lakini sikiliza, binti. Umefikiri sawasawa. Umeona neno linakwenda na heshima, na ni kweli linakwenda na heshima. Ulichokosa ni kwamba katika hadithi ya namna hii wafu wanaweza kutembea, basi kinachotendeka hakitoshi kukupa maana. Kwa nini hukuangalia kamusi?"

Nanihii alilitazama kabati la vitabu. Angeweza kusema kamusi ilikuwa imefungiwa. Haikuwa imefungiwa.

"Niliona haya," alisema. "Rafiki yangu aliniambia niangalie, nikamjibu nina hakika. Nilimdanganya."

"Vema. Hilo la kusema kweli ni gumu kuliko hotuba. Nipe hiyo kamusi."

Waliifungua wote wawili. Nanihii alishuka na kidole: haya, hayawani... akarudi juu kidogo. "Hayati," alisoma. "Mtu mashuhuri aliyefariki." Kidole kikasimama. "Mwalimu, kuna maana nyingine hapa. Inasema... uhai. Maisha."

"Ndiyo. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya uhai. Ni ndugu moja na hai na uhai. Kwa hiyo hukunizika kabisa, ulinizika nusu." Alijikokota kusimama. "Haya, twende. Hotuba ya kunikaribisha haijaisha. Nimewaambia asitoke mtu."

"Bado wapo?" Nanihii aliduwaa kwelikweli. "Siwezi, Mwalimu. Watanicheka."

"Watacheka. Halafu watanyamaza, nawe utakuwa na la kusema. Utaniitaje safari hii?"

Alifikiri. "Kuna mahali askari wanarudi kutoka vitani, wanaambiwa wamerudi buheri wa afya. Nadhani maana yake..." Akajikatiza mwenyewe. Hakungoja kuambiwa. Aliivuta kamusi, akatafuta herufi ya B, akasoma kwa sauti, akatabasamu.

Ukumbini walicheka kama alivyotabiri Mwalimu Mkuu. Nanihii alisimama, akangoja. Kicheko kilipopungua, alisema, "Nililikisia neno bila kuhakikisha, na rafiki yangu aliponiuliza nikasema nina hakika. Haikuwa kweli. Kiberiti, nisamehe. Neno sahihi nimelitafuta sasa hivi. Tunamshukuru Mungu kumrudisha kwetu Mwalimu Mkuu akiwa buheri wa afya, yaani mzima, mwenye afya njema, na mwenye kuitikia shikamoo."

Makofi yalitikisa mabati. Kiberiti alisimama juu ya benchi akipiga mbinja, na mama yake Nanihii alijifuta macho kwa ncha ya futi.

Ndipo Mwalimu Mkuu aliposimama. Alingoja hadi pakawa kimya.

"Nimekuwa mwalimu miaka mingi," alisema. "Nimesikia hotuba nyingi zisizo na kosa hata moja, na sikumbuki neno moja katika hizo. Kosa la leo nitalikumbuka hadi nitakapokuwa hayati kweli. Mtoto huyu amekosea kwa sababu amesoma, amejaribu, na amependa lugha yake kiasi cha kuitafutia neno zuri kuliko yote. Asiyesoma hawezi kukosea hivyo. Someni hadithi, wanangu, hata zile ambazo samaki wanaimba. Kisieni maneno, hakuna ubaya. Lakini kabla ya kulitoa neno mbele za watu, lihakikisheni, na kama hamjui, semeni hatujui. Kutojua si aibu. Aibu ni kusema 'nina hakika' wakati huna."

Kisha akamgeukia yule mvulana aliyepaza sauti. "Nawe uliyesema pisheni njia. Buheri ni nini?"

Mvulana aliinuka, akatazama dari, akatazama viatu vyake. "Ni... ni ile nanihii, Mwalimu."