Nodi ya Mjomba

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, msichana Kiroboto alikimbilia chumba cha nyuma kumsalimia mjomba wake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu kwake kukaa kitako kulikuwa adhabu. Mjomba, fundi kompyuta, alikuwa mgonjwa wa mapafu, amekonda hata shati likaonekana limeanikwa juu yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Imefika wapi?"

Aliulizia kompyuta iliyokuwa nyuma ya kabati, asikoweza kuiona. Mama yake Kiroboto na wafumaji wenzake waliandikisha kila kikapu walichouza kwenye mtandao uliofunga kumbukumbu kwa mafungu na kuyabandika kwenye mnyororo mkuu, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, yasifutike. Lakini kuzisoma, walitegemea tovuti ya wanunuzi. Mjomba alitaka wawe na nodi yao wenyewe: mashine inayosoma kila fungu tangu la kwanza na kulikagua, bila kumwamini mtu.

"Nikisikia imefika fungu la leo, nitalala vizuri," alisema. Kila mtu mzima nyumbani alijua ni usingizi gani.

Siku moja Kiroboto alichelewa shule, na sare yake imekunjamana kama iliyotafunwa na ng'ombe. Mjomba alikuwa usingizini. Kiroboto akachomoa plagi ya kompyuta, akachomeka pasi. Alipoirudisha plagi, kioo cha kompyuta kilimwambia hifadhi ya kumbukumbu imeharibika, aanze upya. Nodi haikatwi umeme ghafla; husimamishwa kwanza, imalize kuandika. Mjomba alishamfundisha hayo, yeye akiwa anaruka kamba.

Aliogopa, akaizima kabisa.

"Imefika wapi, mama?"

"Inakwenda, Mjomba!"

Ikawa hivyo siku baada ya siku: kioo cheusi, mdomo ndio unaokwenda. Mwishowe akachoka kuulizwa. "Imefika!"

Mjomba akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi masikioni. "Waite wafumaji wote. Waje waone."

Kiroboto hakwenda. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema yote, tangu pasi hadi uongo wa mwisho.

Mjomba akajifuta machozi.

"Na sare ilinyooka?"

"Niliunguza kola."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkata. "Haya, washa. Tuanze na fungu la kwanza."

Kwa sauti ya kunong'ona alimwelekeza: afute hifadhi mbovu, aiunganishe nodi na mnyororo mkuu, aanzishe programu. Namba zikaanza kupanda. Tangu hapo alimsomea namba za kweli, hata zilipokuwa ndogo za kusikitisha.

Mjomba alizikwa mashine ikiwa nusu ya safari. Siku ya mazishi binamu mmoja alipapasa tundu la umeme, achaji simu.

"Thubutu!" Kiroboto alimzuia, uso umelowa machozi.

Hatimaye ilifika. Wafumaji walijazana chumbani, pembeni ya kitanda kitupu. Mama akaona rekodi ya kikapu chake mwenyewe, imekaguliwa na mashine ya nyumbani kwake, akalia.

"Mama," Kiroboto akasema, "ningesema siku ile ile ya pasi, si Mjomba angeiona?"

Wafumaji walitaka kumbembeleza. Mama, aliyekwishasimuliwa yote, akawanyamazisha kwa mkono, akamvuta binti yake kifuani.

"Angeiona, mwanangu. Sitakudanganya. Uongo wako ulikula siku ambazo yeye hakuwa nazo. Lakini kama usingesema kabisa, angeondoka akikililia kioo kitupu kwa machozi ya furaha, na sisi tungebaki hatuna kitu. Kosa liseme likiwa bichi. Ukilificha, anayelilipia huwa mwingine, na pengine hutapata nafasi ya kumrudishia."