Ngozi Haichelewi

Mama Sindano ni fundi cherehani. Mumewe hukata vitambaa, yeye hushona. Binti yao ni mwembamba, ndiyo maana wateja wakamwita Sindano.

Mama Sindano hakuwa mtu wa kukataa kazi. Kila aliyeingia na kitambaa aliambiwa, "Lete tu, utaikuta tayari." Nguo zilijaa mpaka juu ya kiti cha wateja.

Jumamosi moja asubuhi alikuja nesi, jirani yao. Mchana huo mdogo wake alikuwa anaolewa, naye ndiye wa kumsindikiza bibi harusi ukumbini.

"Nimefuata gauni langu, dada."

Mama Sindano akalivuta kutoka kwenye rundo. Halikuwa na mikono.

"Jamani!" akacheka. "Ndiyo sisi ngozi nyeusi. Saa zetu si unazijua?"

Nesi hakucheka. Aliondoa nguo kwenye kiti, akaketi. "Shona. Nangoja."

Mume akashika mkasi, akaanza kukata mikono ya gauni.

"Usikasirike, shemeji," akasema. "Weusi tumeumbwa hivyo. Mzungu akikwambia saa nne, ni saa nne."

"Nimefanya kazi na daktari Mzungu," nesi akajibu. "Kila asubuhi wagonjwa walimngoja. Tulisema, 'Daktari yule mchelewaji.' Hakuna aliyesema, 'Ndiyo weupe hao.' Mbona mweusi mmoja akichelewa tunashtakiwa wote?"

Mume akampa mkewe mikono aliyokwisha kuikata.

"Ni utani tu, dada," Mama Sindano akasema, akikanyaga cherehani.

Sindano akadakia. "Hata mimi nilimwambia mwalimu hivyo nilipochelewa shule."

Cherehani ikanyamaza. "Ulimwambia nini?"

"Kwamba sisi weusi tumeumbwa hivyo. Si baba husema?"

Wazazi wakatazamana.

"Umeona utani unakofika?" nesi akasema. "Wodini, dawa ikichelewa tunauliza: nani alikuwa zamu? Wagonjwa walikuwa wangapi? Tukipata sababu, tunarekebisha. Ukitaja ngozi, utarekebisha nini? Haya, niambie ukweli. Gauni langu limekwama kwa nini?"

Mama Sindano akalitazama rundo la nguo.

"Nilipokea kazi nyingi kuliko ninavyoweza," akasema taratibu. "Niliogopa wateja wataenda kwingine."

"Hilo ndilo jibu. Na lina dawa."

Gauni lilipokwisha, nesi alilivaa palepale nyuma ya pazia, akatoka mbio. Alimkuta mdogo wake ameshaingia ukumbini, kasindikizwa na mtu mwingine.

Kesho yake Mama Sindano alikwenda kwake kuomba radhi. "Siku kama ile hairudi," alisema. "Kosa ni langu mwenyewe." Nesi akamkaribisha ndani.

Siku hizi kazi zote za juma hutundikwa kwenye kamba moja ukutani. Kamba ikijaa, mteja mpya huambiwa, "Njoo juma lijalo." Wengine huondoka wamenuna. Wengi hurudi, maana sasa wakiambiwa Ijumaa, ni Ijumaa kweli. Na Sindano akichelewa shule, humwambia mwalimu alichelewa kuamka.

Juzi mama mmoja alikuja kuchukua sare za watoto wake. Zilikuwa tayari. Akazigeuza, akakagua mishono.

"Lo! Hii kazi ya Kizungu!"

"Hapana, shangazi," Sindano akasema. "Ni kazi ya mama na baba. Nilikuwepo."

Yule mama akamgeukia fundi. "Kumbe! Basi hongera, fundi."

"Ahsante," Mama Sindano akajibu.